"I don't think if": ile "kama" yetu inayovuka mpaka

Ujumbe wa safari hii umekuja kama umepangwa: karibu wote unauliza kitenzi cha Kiingereza kikishakanushwa, kishazi kinachofuata kishikwe vipi. Nimechukua sita.

*Shikamoo mwalimu. Nipo mapokezi kwenye nyumba ya wageni Tukuyu. Mgeni aliuliza kama usiku kuna maji ya moto, nikamjibu "I don't think if there is hot water". Alinielewa ila akatabasamu. Nilikosea wapi?*

Marahaba. Umekosea neno moja tu, na neno hilo umelitoa nyumbani. Kwa Kiswahili tunasema "nadhani kwamba maji yapo". Tukikanusha, "kwamba" mara nyingi inaipisha "kama": "sidhani kama maji yapo". Hakuna aliyetukalisha darasani kutufundisha hivyo, mtoto wa miaka minne anaisema sawasawa. Ukiingia kwenye Kiingereza, ulimi unaibeba "kama" ileile na kuigeuza "if". Kiingereza hakina mpango huo. "Think" ya maoni, ikubali ikatae, inafuatwa na "that", na katika mazungumzo hata hiyo "that" humezwa: "I don't think there is hot water." Mgeni akiwa amesimama mbele yako na taulo begani, "I don't think there is" inamtosha.

Kinachotuponza ni kwamba "kama" yetu ina kazi mbili. Kwenye "sijui kama maji yapo" kuna swali limejificha ndani: yapo au hayapo? Hapo "if" ni halali kabisa: "I don't know if there is hot water", "I'm not sure if there is". Lakini "sidhani kama yapo" haina swali. Maoni yako ni kwamba hayapo, umeyalainisha tu. Jipime hivi: ongeza "au hayapo" mwishoni. "Sijui kama yapo au hayapo" inasimama, basi tumia "if". "Sidhani kama yapo au hayapo" inaanguka chini, basi "if" iache.

*Mwalimu wetu hapa Mafinga alinikata "I think he will not come", akaandika juu yake "I don't think he will come". Si kitu kilekile?*

Maana ni ileile, na ningesahihisha mimi alama yako ungeipata. Sarufi haina kosa. Hata hivyo mwalimu wako ana sikio zuri. Mzungumzaji wa Kiingereza, akitoa maoni kwamba jambo halitakuwa, hupenda kuuwahisha ukanushi: anaung'oa kwenye "come" na kuupandikiza kwenye "think". Kimantiki ni ajabu, kwa sababu wewe unadhani, tena unadhani sana. Kinachokanushwa ni kuja. Mwanaisimu wa Denmaki, Otto Jespersen, aliliandikia jambo hili mwaka 1917, na wenzake hawajaacha kulibishania tangu hapo. Wala tusiwacheke Waingereza. Mama akikuambia "sitaki uende disko", anataka usiende. Ukanushi umekaa kwenye kutaka, lakini pigo limetua kwenye kwenda.

Tofauti ipo kwenye uzito. "I think he won't come" ina ukali kidogo, ya mtu aliyeshakata shauri. "I don't think he'll come" inaacha mlango wazi. Kwenye biashara na wageni, chukua ya pili.

Vitenzi vinavyokubali kuhamishiwa ukanushi namna hii ni vya maoni na matarajio: think, believe, suppose, expect, imagine, pamoja na want na seem. Visivyokubali ni hatari zaidi. "I didn't say he stole it" si sawa hata kidogo na "I said he didn't steal it". Wa kwanza hakumsafisha mtu. Amekaa kimya tu. Wa pili amemtetea.

Halafu kuna "hope", ambayo ilinitia aibu mimi mwenyewe. Nilikuwa kijana, nimesimama stendi na mgeni anayekwenda Kyela, nikataka kumfariji: "I don't hope the bus is full." Alinitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Nilidhani kwa kuwa "I don't think" inakwenda, "I don't hope" nayo itakwenda. Haiendi. "Hope" inabaki chanya, ukanushi unakaa nyuma: "I hope the bus isn't full." Kwa kifupi, "I hope not". Kiswahili nacho kinafanya hivyohivyo: "natumaini basi halijajaa". Ningefuata lugha ya mama ningepona.

*Kamwene mwalimu. Naongoza watalii Ruaha. Mmoja alisema "I don't think we'll see lions today, will we?" Kwa nini asiseme "do I"? Halafu nilijibu "Yes" nikimaanisha ni kweli, hatutawaona. Akafurahi sana, akatoa kamera.*

Pole kwa yule wa kamera. Mkia wa swali, yaani ile "will we?" ya mwishoni, haufuati "I don't think", kwa sababu hakuulizi kuhusu kudhani kwake. Anauliza kuhusu simba, kwa hiyo mkia unafuata "we'll see". Ona sasa: mkia kwa kawaida huwa kinyume cha kishazi chake, hasi kwa chanya na chanya kwa hasi, na hapa umekuja chanya, "will we", ilhali kishazi chenyewe kwa macho kina "will" isiyokanushwa. Maana yake masikio ya Mwingereza yanasikia "we won't see lions" chini ya sentensi hiyo. Ukitaka ushahidi kwamba ule ukanushi wa mbele ni mali ya kishazi cha nyuma, ndio huo.

Na hiyo "Yes" ni mtego wetu sote. "Ndiyo" yetu inamkubalia msemaji: "Hatutawaona?" "Ndiyo, hatutawaona." "Yes" ya Kiingereza haimjali msemaji, inaangalia jibu lenyewe. Simba wakiwepo, "Yes, we will". Wasipokuwepo, "No, I don't think so". Usijibu kamwe kwa neno moja, malizia sentensi.

*Nafanya biashara ya mchele Tunduma. Mwenzangu wa ng'ambo ya pili aliandika "The driver doesn't know that the papers are ready". Angeandika "if" ingebadilika nini?*

Ingebadilika safari nzima. Akiandika "that", karatasi ziko tayari, dereva ndiye hana habari. Mpigie simu aanze kuwasha gari. Akiandika "if", dereva hajui, na huenda hata aliyekuandikia hajui. Kiswahili kinatenganisha vilevile: "hajui kwamba ziko tayari", "hajui kama ziko tayari". Kitenzi "know" kikifuatwa na "that" kwa kawaida hakiondoi ukweli wa kishazi chake hata ukikikanusha. Ndiyo maana "I don't know that the papers are ready" inasikika kichekesho mdomoni mwako mwenyewe: umeshatangaza ziko tayari, kisha unasema hujui.

Na shaka inakwenda kinyume, angalia: "I doubt if they are ready", lakini ukikanusha, "I don't doubt that they are ready". Nina shaka kama, sina shaka kwamba. Hapa Kiswahili na Kiingereza ni ndugu wa tumbo moja.

*Nina parachichi Rungwe. Nilimwandikia mnunuzi "I didn't sell because the price was low". Akajibu, "So why did you sell?" Ana matatizo gani?*

Hana matatizo, ndugu yangu. Sentensi hiyo ina milango miwili. Wewe umesema hukuuza, sababu ni bei. Yeye amesoma kwamba uliuza, ila sababu haikuwa bei. Tanguliza sababu: "Because the price was low, I didn't sell." Mlango mmoja unafungwa. Hata "sikuuza kwa sababu bei ilikuwa chini" ina utata huohuo, ila tukiongea sauti inatuokoa, na ujumbe wa simu hauna sauti.

*Kwenye daladala ya Mwanjelwa mgeni aliniuliza "Do you mind if I open the window?" Nikasema "Yes" kwa ukarimu wote. Hakufungua, akakaa kimya hadi mwisho.*

"Mind" hapo ni kukerwa. Ulimwambia utakerwa. Jibu la ukarimu ni "No, I don't mind", na ukitaka kulirefusha, "I don't mind if you open it". Hiyo "if" baada ya ukanushi ni sahihi, dada wa Tukuyu asije akaifuta. Ila kama ilikuwa asubuhi ya Julai na baridi yetu hii, abiria wengine wote walikushukuru kimoyomoyo.