Anza na kitanda cha asiyesema

Ukifika nyumba ya wazee kwa ukaguzi wako wa kwanza utakaribishwa barazani, utaletewa dafu, na utaoneshwa wazee wanaotembea, wanaocheza bao na kuzungumza vizuri. Kaa nao, mwamkie kila mmoja shikamoo yake. Kisha omba upelekwe kwa mzee asiyeweza kujigeuza wala kusema. Anayetembea huenda mferejini mwenyewe akachota maji. Aliyelala hupata anacholetewa tu, na asipoletewa hawezi kulalamika, kwa hiyo malezi ya nyumba nzima utayaona kwenye mwili wake kabla hujayaona popote. Njia ni hiyo hiyo ukipangiwa nyumba ya serikali ya Sebleni au Welezo hapa Unguja, ya Limbani kule Wete, Pemba, au nyumba ya watu ambamo bibi analelewa na wajukuu.

Piga hodi hata kama mlango uko wazi. Mwambie unachotaka kufanya hata kama unaambiwa hasikii. Funga pazia, na mzee wa kike afunuliwe na mwanamke. Mtazame visigino, nyonga, viwiko, kisogo, na zaidi pale mwisho wa uti wa mgongo, juu ya makalio. Vitabu vingi hufundisha kutafuta wekundu usiofifia ukibonyeza kwa kidole. Kwa ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na wengi wanaoanza huandika "ngozi salama" juu ya ngozi iliyokwishaanza kufa ndani. Tumia mgongo wa vidole: linganisha pahala hapo na ngozi ya jirani. Pakiwa na moto zaidi au baridi zaidi, pagumu kama nyama iliyovimba au laini kupita kiasi, au pameiva rangi ya zambarau, hicho ni kidonda cha mgandamizo kinachoanza. Chunguza ndewe za masikio pia kwa anayelala ubavu mmoja.

Kidonda hicho kina sababu tatu. Ya kwanza ni uzito kukaa pahala pamoja: aliyelala kitandani anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, na visigino vielee kwa mto uliowekwa chini ya mashavu ya miguu. Ya pili ni kuburutwa. Mhudumu mmoja akimvuta mzee juu kwa makwapa, ngozi hubaki kwenye shuka na mfupa huenda. Mzee anyanyuliwe na watu wawili kwa shuka iliyokunjwa chini yake. Ya tatu ni unyevu wa mkojo na jasho. Ukikuta panasuguliwa kwa spiriti, au mzee amekalishwa juu ya kata ya kanga kama ile ya kubebea ndoo kichwani, zuia siku hiyo hiyo. Kusugua kunaikata ngozi iliyochoka, na kata inabana damu pembeni mwa pale pale panapotaka kupona.

Sasa omba daftari la kugeuza, linaloandikwa kila mzee anapogeuzwa. Usishangilie likiwa limejaa. Soma mstari wa saa hiyo uliyopo, halafu mtazame mzee: daftari linasema ubavu wa kushoto, naye amelala chali? Alama zote za usiku zimetiwa kwa kalamu moja, mkono mmoja, bila hata dakika moja kupishana? Kisha piga hesabu. Tuseme nyumba ina wazee 12 wasiojigeuza. Kila mmoja anahitaji wahudumu wawili kwa dakika kama 10, kwa kuwa mara nyingi hubadilishwa na shuka. Hizo ni dakika 120, yaani saa 2 kamili, na ukimaliza wa mwisho zamu ya wa kwanza imefika tena. Kama zamu ya usiku ina watu wawili, hawawezi kugeuza wote na pia kumpeleka msalani anayeita. Daftari lililojaa katika nyumba ya namna hiyo haliwezi kuwa la kweli. Hapa uwe muadilifu: wahudumu hao mara nyingi wanajitahidi kuliko uwezo wao, na kosa ni la upangaji wa zamu. Andika hesabu hiyo kwenye ripoti, maana ndiyo itakayowapatia mtu wa tatu.

Kwa sababu hiyo usikague saa 4 asubuhi peke yake. Nenda alfajiri saa 12 kabla zamu haijabadilika, nenda saa 7 mchana chakula kikitolewa, na siku moja nenda saa 3 usiku, ikiwezekana Jumapili.

Pua yako ni chombo cha kazi, na udi usiifumbe. Harufu ya mkojo katika chumba kimoja asubuhi ni jambo la kawaida. Harufu ile ile kutwa, vyumba vyote, maana yake magodoro yameshakunywa. Fungua zipu ya foronya ya godoro, bonyeza sponji kwa kitambaa kikavu, utazame kama kinalowa. Kisha ingia stoo. Wazee 10 wanaovaa pampasi, kila mmoja 4 kwa siku, kwa siku 30, ni pampasi 1,200. Vitabu vikionesha zimetumika 500 na hakuna nguo za kubadilisha zinazofuliwa, kuna watu wanalala wamelowa. Mwenye mpira wa mkojo, mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu, na bomba lisikunjike.

Maji nayataja peke yake kwa sababu ndipo mambo mengi yanapofungamana. Mzee anahitaji glasi 6 hadi 8 kwa siku, na zaidi wakati wa kaskazi, ila yule ambaye daktari amempunguzia kwa ajili ya moyo au figo. Tazama kama kikombe kiko mahali ambapo mkono wa mzee unafika, na mkono upi: aliyepooza kulia akiwekewa kikombe kulia hajapewa maji. Halafu kumbuka kwamba wazee wengi huacha kunywa kwa makusudi. Anajua usiku hakuna atakayemsindikiza msalani, kwa hiyo magharibi anafunga kinywa chake. Matokeo yake ni mkojo wa rangi ya chai, choo kigumu, kizunguzungu, maneno yasiyoeleweka, na mwisho anaanguka. Ataandikiwa "uzee", na dawa yake ilikuwa taa ya ukumbini na mtu wa kumshika mkono.

Njia ya msalani ipite mwenyewe usiku, na ndara zako miguuni. Hesabu vizingiti, tafuta sakafu inayobaki na maji, shika kishikio uone kama kinatikisika. Anayetembea mpime hivi: aketi kitini, ainuke, aende mita 3, ageuke, arudi, aketi. Akifika sekunde 12 au akizidi, yumo katika hatari ya kuanguka. Nyumba inayosema mwaka mzima hakuna aliyeanguka usiipongeze haraka. Ama hawaandiki, ama wazee wote wamelazwa ili wasianguke. Uliza pia, kwa upole lakini bila kuzunguka, kama kuna anayefungwa kanga kitandani, na ni wangapi wanapewa dawa za usingizi na nani aliziandika.

Chakula kikague kikirudi jikoni. Sahani zinazokwenda zote ni nzuri. Zinazorudi ndizo zinazosema nani hakula, na asiye na meno akipewa muhogo mkavu sahani yake itarudi ilivyo. Kumlisha mzee mmoja polepole kunachukua dakika 20 hadi 30. Mhudumu anayelisha wanne kwa nusu saa anawasukumia tu. Aliyekaa wima hapaliwi sana, naye abaki wima nusu saa baada ya kula. Anayekohoa kila akinywa maji apelekwe kwa daktari, kwani chakula kinaweza kuwa kinaingia mapafuni. Uzani upimwe kila mwezi: kushuka asilimia 5 kwa mwezi mmoja au 10 kwa miezi 6 ni tahadhari kubwa. Bibi wa kilo 48 akiwa kilo 45.5 mwezi unaofuata ameshavuka mstari. Asiyeweza kusimama mzungushie utepe wa fundi cherehani kwenye shavu la mguu, pale palipo panene zaidi. Ikiwa chini ya sentimita 31, jua ana upungufu.

Ramadhani ina ukaguzi wake. Nenda mchana, wakati jiko linapopoa. Wazee wagonjwa wasiofunga wanapata chakula chao cha mchana kama kawaida, au wanasubiri futari pamoja na wapishi? Na wanaofunga wakiwa na sukari, saa za dawa amezibadilisha daktari, au mhudumu amezihamisha tu kutoka mchana kwenda daku? Sukari ya damu ikishuka chini ya 4 kwa mashine inayopima kwa mmol/L, au 70 kwa ile ya mg/dL, hapo afungue, hakuna kusubiri adhana.

Dawa zenyewe zihesabu. Mzee ana vidonge 2 kwa siku, kimoja asubuhi na kimoja jioni, akapokea 60 tarehe 1 na kuanza asubuhi ile. Tarehe 15 saa 4 asubuhi vinatakiwa vibaki 31. Vikibaki 40 hapewi, na vikibaki 20 anapewa mwingine. Insulini akiba ikae kwenye friji, digrii 2 hadi 8, mbali na barafu. Iliyofunguliwa iandikwe tarehe, na ikishatimia siku 28 itupwe.

Kuna fedha pia. Pensheni Jamii, fedha ya kila mwezi ya Serikali ya Zanzibar iliyoanza Aprili 2016 kwa waliotimiza miaka 70, ni ya mzee. Uliza nani anaipokea, na yeye mwenyewe aliitumia kununua nini.

Na ukiuliza, usiulize "unaridhika?" Utajibiwa alhamdulillah, na hiyo ni adabu ya mzee, si taarifa. Keti chini usawa wa macho yake, mkuu wa nyumba asiwepo, umuulize: "Jana usiku ulipotaka kwenda msalani, ulimwita nani? Alikuja?" Muulize anatawadhaje, na asiyeweza maji kama amewekewa udongo safi wa kutayamamu. Visiwani kwetu kibla ni kaskazini karibu kabisa, hivyo kugeuza kitanda ili anayesali kwa kulala aelekee ni kazi ya dakika 5. Aliye Mkristo muulize mara ya mwisho alipelekwa lini kanisani.

Katika ripoti usiandike "huduma nzuri" wala "huduma duni". Andika saa, idadi na ulichokiona: "Saa 3:40 usiku, wahudumu 2, wazee 31, wasiojigeuza 12, kitanda cha tatu, visigino juu ya godoro, kikombe mbali." Kidonda kilichofunguka, homa, au mzee asiyekunywa tangu asubuhi havisubiri ripoti: mwambie mkuu wa zamu papo hapo na usiondoke mpaka kimefanyika kitu. Kisha rudi baada ya wiki 2, saa ambayo hukuitaja, uanzie kitanda kile kile.