Maswali ya wasomaji: Msumeno wa cheni uani

Shikamoo fundi. Nina miembe miwili na mipera uani. Dukani wananishauri nichukue chenso kubwa kabisa nisije nikajuta. Nifuate? (Ipuli, Tabora)

Marahaba. Muuzaji yuko kazini, usimlaumu. Kwa kupogoa na kukata kuni za nyumbani, bamba (kile chuma kirefu ambacho cheni inakizunguka) la inchi 14 hadi 16 na injini ya cc 35 hadi 45 vinakutosha. Yale marefu ni ya wapasua mbao wa porini. Ni mazito, na mkono uliochoka ndio unaojeruhi. Kabla hujalipa, mwambie aiwashe, kisha kikingio kilicho mbele ya mpini kisukumwe: cheni isimame papo hapo. Isiposimama, iache. Ingekuwa mipera peke yake, ningekwambia ununue msumeno wa mkono.

Kijana wangu alikuwa anapunguza mwembe, chenso ikamrukia usoni. Ashukuriwe Mungu, ilimkosa. Mashine ni mbovu? (Ujiji)

Poleni sana. Huenda mashine ni nzima kabisa. Robo ya juu ya ncha ya bamba ikigusa kitu kigumu, meno hunasa, na nguvu iliyokuwa ikikata hulirusha bamba juu, kuelekea kwa aliyelishika. Hakuna anayewahi kukwepa. Mwembe unazidisha hatari kwa sababu matawi yamesongamana: unakata hili, ncha inagusa la nyuma usiloliona.

Mwambie akate kwa sehemu ya bamba iliyo karibu na injini, cheni ikiwa imeshashika kasi. Ashike kwa mikono miwili, kidole gumba cha kushoto kikizunguka mpini, na uso wake usiwe kwenye mstari wa bamba. Asikate kitu kilicho juu ya bega, wala asipande nayo ngazi. Tawi zito alikate kidogo kwa chini kwanza, mbali kidogo na shina, ndipo amalizie kwa juu. Bila hivyo litapasuka na kuchuna gamba la mti. Miwani, kinga ya masikio na buti ngumu ni lazima. Jinzi inazuia miiba, haizuii cheni. Ipo suruali maalumu yenye nyuzi zinazokwamisha cheni, na ukiipata, inunue kabla ya chenso yenyewe.

Oili ya cheni ni ghali, na sisi mawese tunayo. Naweza kutumia? Jirani anatumia oili chafu ya gari. (Mwandiga, Kigoma)

Mawese yaache jikoni. Asubuhi ya baridi huganda, na yakikaa ndani ya mashine hugeuka ulimbo na kuziba njia ya oili. Oili chafu ni mbaya zaidi: ina chembe za chuma zinazokwangua bamba, na masizi yake yenye sumu hurukia ngozi yako na udongo wa bustani. Oili safi ya cheni ni nzito na hunata. Bei yake ni ndogo kuliko ya bamba jipya.

Petroli inachanganywaje? Rafiki yangu aliweka petroli tupu, injini ikakwama. (Kasulu)

Hiyo injini haina oili yake pembeni. Inalainishwa na iliyomo kwenye petroli. Mashine nyingi za sasa hutaka 50 kwa 1: lita 5 za petroli, mililita 100 za oili iliyoandikwa 2T. Nyingine hutaka 25 kwa 1, yaani mililita 40 kwa kila lita, kwa hiyo soma kitabu chake. Oili ya bodaboda haifai. Na usijaze injini ikiwa bado ya moto.

Mti nitakaoangusha una nyuki kwenye tundu, na tawi moja linagusa waya wa umeme. (Sikonge)

Waya ni kazi ya TANESCO, usiuguse hata kwa mti mkavu. Nyuki hukasirishwa na mngurumo na mtikisiko, nawe ukiwa umeshika chenso huwezi kukimbia. Sikonge hakukosi mrina asali: mwite awahamishe kwanza. Huenda akakupa na asali.