Usiukate kichwa mjakaranda wako

Mjakaranda ukishashika hauna kazi kubwa. Kinachouharibu mara nyingi ni panga la mtu anayetaka utanuke haraka. Ukikatwa ncha ungali mdogo, chini ya jeraha hutoka maotea matatu au manne yaliyosimama wima, yanagombea juu. Baada ya miaka michache yanakuwa mapande mazito yenye maungio membamba, na siku ya mvua ya upepo moja linapasuka na kushuka na ganda la shina.

Basi uache upande juu wenyewe. Mche wake hukimbilia juu kama fimbo kabla ya kutoa matawi, wala si ugonjwa. Ufunge kwenye kijiti imara kwa kamba laini iliyolegea, na baada ya mwaka uifungue, maana kamba iliyosahaulika hula ganda. Mche ukiota mashina mawili pacha, chagua lililonyooka. La pili lipunguze nusu, ulimalizie msimu unaofuata. Vitawi vya chini usivifyeke vyote kwa mkupuo, ndivyo vinavyonenepesha shina. Vitoe kidogo kidogo mpaka matawi yaanzie mita 2 na nusu hivi kutoka ardhini.

Tawi nene likatwe kwa msumeno, mara tatu. Anza chini yake, sentimita 30 kutoka shinani, uingie theluthi. Kisha kata kutoka juu, mbele kidogo ya hapo. Tawi likishaanguka, ondoa kisiki, ila ule uvimbe wa maungio ubaki. Ukikata sawasawa na shina, jeraha linachelewa kufunga na uozo unaingia.

Mbegu ni rahisi. Chuma maganda ya mbegu ya kahawia kabla hayajafunguka, loweka mbegu saa 24, zifukie nusu sentimita tu. Huota wiki ya pili au ya tatu. Ila mche wa mbegu unaweza kukaa miaka 7 au zaidi bila ua, kwa hiyo muuza miche akikuahidi maua mwaka wa pili, mshukuru uende zako.

Panda masika yanapoanza, shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza. Shingo ya mche ilingane na ardhi. Kaa mita 8 kutoka ukuta, chemba na mabomba. Pa kuegesha gari hapafai: maua yaliyolowa yanateleza, na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, hudondosha utomvu unaonata. Udongo wa volkano wa Arusha unapitisha maji vizuri. Kwenye mfinyanzi wa tambarare za chini ya Moshi inua tuta kwanza, la sivyo mizizi inaoza.

Kiangazi cha kwanza, ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Cha pili, mara moja. Baada ya hapo acha kabisa. Asili yake ni Argentina na Bolivia, na hutoa maua vizuri baada ya kupitia ukame. Mti mkubwa uliojaa majani Oktoba bila ua mara nyingi umezungukwa na nyasi zinazomwagiliwa na kutiwa urea. Sogeza mpira wa maji na mbolea mbali na kivuli chake kuanzia Juni.