Ukitaka kumwona mdiria, zima injini

Mdiria, ndege mla samaki wa mtoni, utamsikia kabla hujamwona. Mluzi mmoja mkali unapita juu ya maji, na ukigeuka, mgongo wa buluu umeshakata kona. Msimu wangu wa kwanza kwenye mfereji wa Caldon, huku Staffordshire, Uingereza, niliambulia migongo tu. Msimu wa pili mmoja alitua kwenye ncha ya upondo, mti wa kusukumia boti yetu, hatua tatu kutoka nilipokaa. Akampigiza samaki kwenye mti huo mara nne, tano, kisha akammeza kwa kutanguliza kichwa. Ndege walikuwa walewale. Sisi ndio tuliobadilika.

Boti za huku ni za chuma, ndefu, upana kama mita 2 tu, na injini ya dizeli iko tezi, yaani nyuma. Ndege wa mferejini wamezizoea tangu wakiwa makinda. Wanachokiogopa ni mtu: anayesimama ghafla, anayenyoosha kidole, anayepiga kelele "Yule pale!" Basi kaa omo, yaani mbele ya boti, kaa chini, vaa nguo isiyong'aa, na kubalianeni ishara za mkono na aliyeshika kana, mkono wa usukani, kabla hamjang'oa vigingi vya kufungia boti.

Mwendo uwe wa mtu anayetembea bila haraka. Sheria inaruhusu kilomita 6 na kidogo kwa saa. Kwangu mimi hizo ni nyingi mno kuanzia Aprili hadi Julai, msimu wa viota. Kukuziwa, ndege mweusi wa majini, hujenga kiota kwa matete na takataka zilizonasa kwenye matawi, juu ya maji kidogo tu. Mwaka jana, mwezi wa Mei, giza lilikuwa linaingia nasi tukaongeza moto. Nilipotazama nyuma, wimbi letu lilikuwa limepanda juu ya kiota, ndege amesimama, na yai moja likaviringika likatumbukia. Sijalisahau yai lile. Ukiona kiota, punguza moto ukiwa bado mbali. Ukishafika ubavuni mwake umechelewa.

Korongo wa kijivu ana desturi yake. Atasimama ukingoni hadi umkaribie, aruke mbele kidogo, atue. Ukimsogelea tena, aruke tena. Watu humsukuma hivyo mwendo mrefu bila kumwona vizuri hata mara moja. Usimfuate. Akifika mwisho wa eneo lake, mara nyingi huzunguka juu ya malisho na kurudi nyuma yako. Ukiwa umesimamisha boti, atapita karibu kiasi cha kuona miguu yake ilivyonyooka.

Darubini ya kukuza mara 8 inatosha. Ya mara 10 hukuza na mtetemo wa boti pia. Tena usiegemeze viwiko kwenye paa, chuma kitaleta mtetemo wote mikononi.

Ila dawa yake hasa ni kuzima. Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri, boti ikiwa bado imefungwa ukingoni, nikakaa omo na blanketi bila kuwasha chochote. Mahali ninapopapenda ni karibu na Consall Forge, ambako mfereji unaingia mto Churnet na miti imeinama hadi majini. Nusu saa ya kwanza huenda usione kitu. Vumilia, ndege wanarudi mmoja mmoja.

Mfereji unaishia Froghall, si mbali na mji wa Cheadle. Huko Cheadle, mwaka 1911, mbayuwayu mmoja alivishwa pete ya utambulisho mguuni. Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini. Hivyo ndivyo watu wa huku walivyopata ushahidi wa wapi mbayuwayu wao huenda kukwepa baridi. Mimi niliwajua mbayuwayu Iringa, wamejipanga kwenye nyaya za umeme mwezi wa Novemba, na sote tukiamini ni wa kwetu. Mwishoni mwa Aprili huwakuta hapa, wakiruka chini kabisa ubavuni mwa boti, mdomo wazi, wakichota maji bila kutua. Hapo darubini huwa nimeshaiweka chini.