Kisima kinachotoa maji bila pampu
Mkuu, umeuliza inakuwaje kisima kirefu kitoe maji chenyewe bila pampu. Ni mgandamizo. Mvua huingia kwenye tabaka la mchanga huko mwinukoni, maji yanateremka chini ya udongo wa mfinyanzi usioyapitisha, na hapo yanabanwa. Ukitoboa mahali palipo chini zaidi ya yalikoingilia, yanapanda. Mgandamizo ukiwa mdogo yataishia njiani, na hapo pampu lazima.

Soma habari za kisima cha Grenelle, mtaa wa Paris, Ufaransa. Fundi wa visima aitwaye Mulot alianza kutoboa mwaka 1833 kwa vyuma virefu vilivyoungwa kimoja kimoja, nguvu ikitoka kwa farasi. Mwaka 1837 vyuma vilikatika vikazama shimoni, na kuvitoa kulikula zaidi ya mwaka mzima! Hawakuacha. Tarehe 26 Februari 1841, kwenye mita 548, maji ya vuguvugu yakaruka juu. Ule uvumilivu unanigusa mpaka leo.

Ila 1861 kilipokamilika kisima kingine Passy, papo hapo Paris, kikachota tabaka lile lile, maji ya kile cha Grenelle yakapungua. Kwa hiyo fundi wako akipata maji yanayopanda yenyewe, aweke koki mdomoni mwa bomba. Yakimwagika ovyo, mgandamizo unashuka kwako na kwa jirani.