Uwanja wa ndege wa Cincinnati uko Kentucky: kusajili mishahara katika jimbo jipya

Anayetua Cincinnati kwa ndege hajatua Ohio. Uwanja uko ng'ambo ya mto, katika kaunti ya Boone, jimbo la Kentucky. Abiria halimhusu hilo. Anayelipa mishahara ya watu wanaofanya usafi katika maghala ya jirani na uwanja ule linamhusu sana, na mimi nililitambua nikiwa nimechelewa miezi mitano.

Nilikuwa natunza hesabu za kampuni ndogo ya usafi ya ndugu zetu wa Afrika Mashariki, ofisi ikiwa Ohio. Tukapata kandarasi ya maghala mawili. Anwani ilisema wazi Hebron, Kentucky, ila kwa kuwa ni mwendo mfupi kwa gari kutoka ofisini sikuitilia maanani. Watu wanane, wote wakazi wa Ohio, nikawalipa kama wengine: kodi ya Ohio, bima ya kukosa ajira ya Ohio, bima ya fidia ya wanaoumia kazini ya Ohio. Siku mteja alipotuomba cheti cha bima ya fidia kinachowahusu wafanyakazi walioko Kentucky, ndipo nilipokaa chini na kuanza kuhesabu nilichokosea. Ninayoandika hapa ni kwa ajili yako wewe unayeanza kazi hii, au unayeanzisha kampuni yako na umepata mteja wa kwanza ng'ambo ya mpaka, upate kuyajua mapema kuliko nilivyoyajua mimi.

Wengi wetu tumekuja na picha ya nyumbani. Ukiwa na kampuni Dar es Salaam ukafungua tawi Mwanza, PAYE inakwenda TRA ile ile. Mkenya naye ana KRA moja, awe Mombasa au Kisumu. Marekani IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, ipo, na kwa upande wake mambo hayabadiliki ukivuka jimbo: namba ya mwajiri, ile EIN, ni ile ile na huhitaji kuomba nyingine, makato ya Social Security (pensheni ya taifa) ni asilimia 6.2 na ya Medicare (bima ya afya ya wazee) ni 1.45, mfanyakazi akikatwa na mwajiri akilipa kiasi kama hicho hicho. Ritani ya fomu 941 inapelekwa kila robo mwaka vile vile. Hapo ndipo mgeni anapojiona amemaliza. Amemaliza serikali kuu tu. Chini yake kila jimbo lina sheria zake, ofisi zake na namba zake za akaunti, na ndani ya jimbo moja ofisi ya mapato na ofisi ya bima ya kukosa ajira mara nyingi ni idara mbili tofauti. Kujisajili kwenye moja hakukusajili kwenye nyingine.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuuliza swali moja: huyu mfanyakazi ni wa jimbo gani? Swali hilo halina jibu moja. Kila kodi ina swali lake, na mtu mmoja kwenye hundi moja anaweza kuwa wa Ohio kwa kodi hii na wa Kentucky kwa ile.

Chukua wale wanane. Kodi ya mapato ya jimbo kwa kawaida hufuata mahali kazi inapofanyika, kwa hiyo ungetarajia Kentucky. Lakini Kentucky ina makubaliano na majimbo saba, yaani Illinois, Indiana, Michigan, Ohio, Virginia, West Virginia na Wisconsin, kwamba mkazi wa huko akija kufanya kazi Kentucky, mshahara wake utozwe kodi ya mapato na jimbo anakoishi. Kwa hiyo kukata kodi ya Ohio ilikuwa sawa. Kilichokosekana ni karatasi: kila mmoja alipaswa kuwa amejaza fomu K-4 akitamka kwamba ni mkazi wa Ohio, nayo ikae kwenye faili lake. Bila tamko hilo mwajiri anatakiwa kukata kodi ya Kentucky. Upande wa pili wa mto ni vivyo hivyo: mkazi wa Covington, Kentucky, anayefanya kazi Cincinnati anajaza fomu IT 4 ya Ohio. Usimlipe mtu hundi ya kwanza kabla fomu hii haijarudi mikononi mwako.

Makubaliano hayo ni ya majimbo peke yake. Kodi za miji na kaunti hazimo, na hapa ndipo wageni wengi wanapoangukia. Kentucky ina kodi ya ajira inayotozwa na miji na kaunti mahali kazi inapofanyika. Boone inayo, na Louisville, ambako Wakongomani wanaozungumza Kiswahili ni wengi na kampuni zao zinakua, inatoza asilimia 2.2 kwa mkazi na 1.45 kwa anayetoka nje. Ohio nayo miji yake inatoza: Cincinnati ni asilimia 1.8. Yule mkazi wa Covington aliyejaza IT 4 ameepuka kodi ya jimbo la Ohio, ya jiji la Cincinnati hajaiepuka.

Indiana ni jirani mwingine mwenye mambo yake. Kaunti zote 92 zinatoza kodi ya mapato, na kinachotazamwa ni kaunti aliyokuwa akiishi mtu tarehe 1 Januari ya mwaka ule. Akihama Machi kutoka kaunti moja kwenda nyingine, unaendelea na ile ya Januari mpaka mwaka uishe. Akiwa amehamia Indiana Machi kutoka Ohio, na Januari 1 hakuwa akiishi wala kufanya kazi Indiana, kodi ya kaunti haimhusu mwaka huo. Nimeona watu wakikatwa mwaka mzima kwa sababu aliyejaza mfumo aliweka anwani ya leo. Kwa hiyo muulize mfanyakazi maswali mawili: unaishi wapi sasa, na Januari 1 ulikuwa wapi.

Sasa bima ya kukosa ajira. Hii katika majimbo mengi analipa mwajiri peke yake, na haijali kabisa yale makubaliano ya kodi ya mapato. Ina maswali manne yanayoulizwa kwa mpangilio, na unasimama kwenye la kwanza lenye jibu. Je, kazi yote, au karibu yote, inafanyika jimbo moja? Basi ni jimbo hilo. Kama sivyo, ana kituo anachoanzia kazi katika jimbo mojawapo analofanyia kazi? Kama hana, anaongozwa na kusimamiwa kutoka wapi? Na hilo nalo lisipotoa jibu, anaishi wapi? Makazi ni swali la mwisho. Mimi nililifanya la kwanza. Wale wanane walikuwa Hebron siku zote za kazi, kwa hiyo walikuwa wa Kentucky tangu siku ya kwanza, hata kama kila usiku walirudi kulala Ohio.

Uzito wa bima hii unatofautiana mno. Ohio mwaka 2025 ilitoza kwenye dola 9,000 za kwanza za mshahara wa kila mtu kwa mwaka. Jimbo la Washington mwaka huo huo lilitoza hadi dola 72,800. Ukikisia bei ya kandarasi ya Seattle kwa mazoea ya Ohio, faida yako itaishia huko. Kumbuka pia kwamba mfanyakazi akihamishwa katikati ya mwaka kutoka jimbo moja kwenda jingine, akiwa chini ya mwajiri yule yule, karibu majimbo yote yanakuruhusu kuhesabu mshahara uliokwisha kuutolea bima kule alikotoka. Programu ya mishahara haifanyi hivyo yenyewe kila mara. Kagua.

Inaungana pia na serikali kuu. Kodi ya FUTA, ambayo mwajiri huilipa serikali kuu kwa ajili ya bima hiyo hiyo ya kukosa ajira, ni asilimia 6 kwenye dola 7,000 za kwanza, lakini ukilipa bima ya jimbo kwa wakati unapata nafuu ya hadi asilimia 5.4, inabaki 0.6, yaani dola 42 kwa mtu. Ukichelewa kulilipa jimbo, nafuu hiyo hupungua. Na mwaka utakaolipa bima katika majimbo mawili au zaidi, fomu 940, yaani ritani ya FUTA, inataka kiambatisho chake, Schedule A.

Fidia ya wanaoumia kazini ndiyo iliyotuamsha, na ndiyo iliyonitisha kuliko zote, kwa sababu pale kinachocheleweshwa ni matibabu ya mtu. Ohio ni moja ya majimbo manne, pamoja na North Dakota, Washington na Wyoming, ambako bima hii mwajiri hununua kwenye mfuko wa serikali ya jimbo, si kwa kampuni binafsi. Kentucky unanunua kwa kampuni ya bima. Mtu aliyezoea Ohio hudhani kwamba ameshalipia kila kitu. Miezi mitano wale watu walipanda ngazi na kubeba mashine za kusugua sakafu bila mimi kujua kama bima ingewatambua. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Hili lishughulikie la kwanza, kabla hata ya kodi.

Usajili wenyewe si mgumu ukifuata mpangilio. Unaanza na ofisi ya Katibu wa Jimbo, inayoitambua kampuni yako kama kampuni iliyotoka jimbo jingine, na utatakiwa kuwa na wakala mwenye anwani ndani ya jimbo wa kupokea barua za kisheria. Halafu idara ya mapato kwa ajili ya akaunti ya makato, halafu idara ya bima ya kukosa ajira, halafu mji au kaunti. Majimbo mengine yameunganisha: New York fomu moja, NYS-100, inafungua makato na bima kwa pamoja. Fanya yote kabla ya hundi ya kwanza. Programu ya mishahara inaweza kukokotoa makato ya jimbo jipya mara tu unapobadilisha anwani, nawe ukaona kila kitu kiko sawa, kumbe bila namba ya akaunti fedha hazijaenda popote.

Katika fomu hizo kuna mahali pawili pa kutulia. Pa kwanza ni tarehe. Wanaweza kukuuliza tarehe kampuni ilipoanzishwa, tarehe kazi ilipoanza jimboni, na tarehe mshahara wa kwanza ulipolipwa huko. Hizo ni tarehe tatu tofauti. Mara moja niliandika ya kuanzishwa kwa kampuni mahali pa tarehe ya mshahara wa kwanza, na jimbo likaanza kudai ritani za robo saba ambazo hatukuwa na mtu hata mmoja huko. Ilinibidi niandike barua, nisubiri, niandike tena. Pa pili ni swali la kama umenunua au kurithi biashara ya mtu mwingine. Usijibu hapana kwa haraka. Kiwango cha bima hufuata historia ya mwajiri, na tangu 2004 kuna sheria ya serikali kuu inayoyataka majimbo yazuie watu kuanzisha kampuni mpya ili kukimbia kiwango kibaya cha ile ya zamani.

Ukishasajiliwa, fungua barua zako. Namba za siri na taarifa ya kiwango cha bima mara nyingi zinakuja kwa posta, na kiwango hubadilika mwaka hadi mwaka. Barua iliyokaa mwezi kwa binamu yako kwa sababu ndiyo anwani uliyoandika itakugharimu.

Kuna njia ya mkato ambayo utashauriwa na watu wanaokutakia mema: usisajili, wape watu 1099, yaani fomu ya wanaojitegemea wasio waajiriwa, kila mmoja ajitegemee na kodi yake. Nawaomba, ndugu zangu, msiifuate. Mtu unayempangia saa, unayempa mashine na sabuni, unayemwambia aanze chumba kipi, ni mwajiriwa hata mkiandikishana vinginevyo. Na anayeumia ni mwenzako aliyefika juzi, asiyejua kwamba hana bima ya kukosa ajira wala fidia, na ambaye Aprili atadaiwa Social Security na Medicare pande zote mbili. Siku atakapopunguzwa akaomba mafao, jimbo litatafuta mishahara yake lisiione, na litakuja kwako.

Na kodi uliyokata kwenye mshahara wa mtu isiguswe, hata kama mteja amechelewa kulipa na petroli imeisha. Fedha ile umeishikilia kwa amana. Kwa serikali kuu, mwenye mamlaka ya kuilipa asiyeilipa kwa makusudi anaweza kudaiwa yeye binafsi kiasi chote, na LLC, yaani kampuni ya dhima yenye kikomo, haimkingi. Mtunza hesabu anayeweka saini kwenye hundi naye anaweza kuingizwa.

Yale ya Hebron tuliyanyoosha. Bima ya fidia ilinunuliwa wiki ile ile. Tulifungua akaunti za Kentucky na za kaunti, tukalipa ya nyuma pamoja na riba na adhabu, tukarekebisha ritani za robo mbili za Ohio na kuomba turudishiwe tulichokuwa tumelipa kimakosa. Wale wanane nilikaa nao usiku mmoja ghalani kabla zamu haijaanza, nikawaeleza kwa Kiswahili kwa nini hundi yao ingekuwa na mstari mpya wa makato ya kaunti ya Boone, na kwamba yale ya miezi mitano iliyopita kampuni ingeyalipa yenyewe. Mmoja aliuliza kama mabadiliko hayo yangemzuia kupata mafao akiachishwa. Nikamwambia hapana, sasa angeyaomba Kentucky, nikamwandikia namba ya akaunti ya mwajiri nyuma ya stabu yake ya mshahara.

Kandarasi ilipoisha, nilipeleka ritani ya mwisho katika kila ofisi na kuweka alama kwenye kisanduku cha kufunga akaunti. Akaunti isiyofungwa inaendelea kudai ritani, na ukikaa kimya jimbo linaweza kukukadiria kodi. Barua za kuthibitisha kufungwa zilifika moja moja kwa muda wa miezi miwili. Nilizipiga chapa tarehe na kuziweka kwenye faili moja na zile K-4.