Kilindini na Kikuubo: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Bandari

Maswali matano ya juma hili yanahusu bandari, jambo lisilo la ajabu katika nchi isiyo na pwani kama Uganda.

Kontena langu huvuka bahari nzima, kisha nauli ya Mombasa hadi Kampala ndiyo inayoniumiza. Kwa nini? (Mfanyabiashara, Kikuubo, soko la jumla la Kampala)

Meli moja hubeba maelfu ya makontena na gharama zake hugawanyika kwa yote, ilhali lori hubeba moja, au mawili yakiwa madogo, kwa safari ya takriban kilomita 1,170 yenye mizani na mpaka njiani. Hata hivyo, kwa maoni yangu, umbali si kiini cha tatizo. Shehena tunayoagiza kupitia baharini ni kubwa kuliko tunayopeleka, kwa hiyo malori mengi hurudi pwani matupu, na mwenye lori, ambaye ni lazima anunue dizeli ya kwenda na ya kurudi, humtoza mwagizaji safari zote mbili. Isitoshe, kontena ni mali ya kampuni ya meli na lina siku zake za kurejeshwa. Zikipita, tozo huanza kuhesabiwa.

Mzee mmoja husema kwamba Mombasa ilijengwa kwa ajili ya Uganda. Ni kweli? (Mwanafunzi, Tororo)

Kuhusu mji, hapana: Mombasa ilikuwa mji wa biashara karne nyingi kabla ya reli, na majahazi yalitia nanga upande wa Mji wa Kale. Kuhusu Kilindini, bandari ya Mombasa ya leo, mzee huyo hakukosea sana. Reli ya Uganda, ndivyo ilivyoitwa, ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, na wengi hawajui kwamba Kisumu ya siku hizo ilihesabiwa kuwa ndani ya Uganda, hadi mpaka uliposogezwa mwaka 1902. Kampala yenyewe ilisubiri treni hadi 1931; kabla ya hapo pamba ya huku ilivushwa ziwani kwa meli za mvuke hadi kwenye reli ya Kisumu. Pamba hiyo, pamoja na kahawa iliyofuata, iliipa reli mzigo wa kuteremsha pwani, na Kilindini, yenye maji ya kina, ikajengewa gati za meli kubwa ambazo bandari ya majahazi isingeweza kuzipokea.

Mimi ni mkulima wa kahawa. Bandari inanihusu nini? (Masaka)

Inakuhusu mfukoni. Bei ya kahawa ya robusta hufuata soko la dunia, ambalo mnunuzi wako hana uwezo wa kulibadilisha. Kwa hiyo mnunuzi hukata kwanza gharama za kuifikisha melini, na kinachobaki ndicho anachoweza kukulipa.

Kwa nini tusihamie Dar es Salaam moja kwa moja? (Mstaafu, Entebbe)

Kwa sababu anayehama kabisa hupoteza nguvu ya kujadiliana. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi nchini Kenya zilipoziba barabara na reli ikang'olewa, petroli iliadimika hapa na bei ikapanda. Tangu hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa faida ya kuwa na njia ya pili. Njia hiyo ipo: barabara ya Mutukula, mpakani na Tanzania, au reli hadi Mwanza, kisha mabehewa yanavushwa kwa meli hadi Port Bell, bandari ya ziwani ya Kampala. Ni ndefu zaidi, lakini kuwapo kwake huikumbusha Mombasa kwamba mteja wake mkubwa wa mizigo ya mpito, yaani inayopita kwenda nchi nyingine, anaweza kwenda kwingine. Hilo lilionekana mwaka 2016, Uganda ilipoamua kupitishia bomba la mafuta ghafi Tanzania badala ya Kenya, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga.

Foleni za malori zikipungua, sisi wa mpakani tutakula nini? (Muuza chakula, Malaba)

Swali hili ni zito kuliko yote, na maofisa hulikwepa. Tangu Himaya Moja ya Forodha, mfumo wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki, ianze mwaka 2014, ushuru hulipwa kabla mzigo haujaondoka Mombasa, na dereva asiyelala Malaba hanunui chakula cha jioni wala hakodi chumba. Nafuu ya mfanyabiashara wa Kikuubo, kwa sehemu, imetoka kwenye sufuria yako. Ningekushauri ulenge wanaobaki, yaani wavukaji wa kila siku na wachuuzi wa nafaka, kwa kuwa riziki yao haitegemei ucheleweshaji.